Sura Isiyokwisha ya Mheshimiwa Sifaeli

Ipo nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu za usalama, na pia kwa sababu hubadilika kila likizinduliwa upya, ambayo wananchi wake wana bahati kuliko sisi. Kwao hakuna kitu cha umma kinachoanza kuwepo hivihivi tu. Daraja, kisima, choo cha shule, kila kitu huanza kuwepo siku utepe wake unapokatwa, na tangu hapo kipo moja kwa moja, hata kikiondoka. Mto ulipolizoa daraja la Mbugwe, serikali haikubabaika. Ilieleza kwamba daraja lile lilishazinduliwa, kwa hiyo lipo, na wanaovuka kwa kuogelea wanafanya hivyo kwa mapenzi yao wenyewe. Zahanati ya Lugome nayo ilikuwa na kuta, paa, vitanda na mganga mwenye shahada, ila haikuwa imekatiwa utepe. Mgonjwa akifika pale aliambiwa kwa adabu arudi nyumbani, maana pale alipokuwa amesimama hapakuwa mahali.

Mkuu wa nchi hiyo anaitwa Mzinduzi Mkuu. Mkasi wake ni wa dhahabu na hubebwa na kanali. Wananchi wanampenda sana, na msidhani natia chumvi. Upendo huo ulizinduliwa kwenye uwanja wa mpira, mbele ya mabalozi.

Sasa, katika kijiji cha Ngotwe alikuwa akiishi mama mmoja, Mwalimu Sikudhani, mjane, mstaafu wa somo la maarifa ya nyumbani. Zamani, damu ikiwa bado inachemka, mama huyu aliwahi kukosea akaandika riwaya ya kuchekesha. Aliiita *Mkasi wa Mheshimiwa*. Ilimhusu waziri mmoja, Mheshimiwa Sifaeli, mvaa kofia ya manyoya kwenye jua kali, ambaye alikuwa na gari moja la wagonjwa na nchi nzima ya kulikabidhi. Asubuhi analikabidhi kijiji hiki, anapigiwa makofi, mchana gari linaondoka kwenda kutiwa oili, kesho yake linakabidhiwa kijiji kingine. Kamati ya Vitabu iliipitisha riwaya hiyo itumike shuleni bila hata kuifungua. Wajumbe waliona mwandishi ni mwalimu wa maarifa ya nyumbani na juu ya jalada pamechorwa mkasi, wakaridhika kwamba ni kitabu cha ushonaji. Waliokisoma walicheka, lakini hawakuwa wengi. Nakala zilizobaki zilifungiwa bagia sokoni. Mwalimu mwenyewe aliwahi kununua bagia zilizofungwa kwa sura yake ya tatu, akaisoma akiwa anatafuna, akaona si mbaya.

Mwalimu Sikudhani alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwajabu, aliyeolewa palepale kijijini. Mimba ya kwanza ya Mwajabu ilipofika wakati wake, uchungu ulimshika vibaya, na hospitali iko mbali. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa njiani na akafia njiani. Mwalimu alirudi naye Ngotwe amemfunga kwenye kanga, amempakata kama vile amelala, na kuanzia siku hiyo hakuandika tena wala hakushika kitabu cha kuchekesha. Halafu Mwajabu akashika mimba nyingine. Watu walimpongeza Mwalimu, naye aliitikia vizuri, lakini ndani alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa hasa, hofu ile ya kumfanya mtu aache chakula mezani.

Kwa hiyo fikirieni furaha yake siku Waziri wa Afya, Mheshimiwa Eleuteri Kabwili, alipokuja Ngotwe na gari jeupe la wagonjwa.

Waziri alihutubia kwa kirefu. Alisema serikali inayojali ni ile inayojali, na kwamba kuanzia leo hakuna mwana Ngotwe atakayekufa bila kufuata utaratibu. Utepe ukakatwa. Kisha, ili wananchi waone kwa macho yao, akaletwa mgonjwa mwenye bandeji mguuni, akalazwa kwenye machela, akapakiwa, gari likazunguka uwanja wa shule mara moja likipiga king'ora, mlango ukafunguliwa, na mgonjwa akashuka kwa miguu yake mwenyewe akimshukuru Mzinduzi Mkuu. Mwalimu Sikudhani si mtu wa kupiga makofi, lakini siku hiyo alipiga mpaka viganja vikawaka moto. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa kichwani, aliona kama tukio hilo analifahamu, ila alikipuuza. Alilitaka gari lile.

Baada ya pilau dereva akawasha injini. Wananchi wakauliza gari linakwenda wapi. Waziri akawatoa hofu, akasema linakwenda kutiwa oili.

Mwalimu Sikudhani aliposikia neno hilo alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake la sherehe.

Aibu yenyewe haikuibuliwa na mpinzani wala mbea, maana nchi ile haina watu wa namna hiyo. Iliibuliwa na gazeti la serikali, kwa nia njema kabisa. Mhariri alitaka kumpongeza Mheshimiwa Kabwili kwa kuvipatia magari vijiji vyote nchini, akazipanga picha za makabidhiano yote kwenye kurasa mbili za katikati, za rangi, chini ya maneno HONGERA SANA. Ndipo kila mwenye macho akaona. Gari lilikuwa na kovu la pembe ya ng'ombe kwenye mlango wa kushoto, na kovu hilohilo lilikuwepo kila kijiji. Mgonjwa naye alikuwa yuleyule. Pengine bandeji ilikuwa mguu wa kulia, pengine wa kushoto, na kijiji kimoja, nadhani walikuwa wamefika wamechoka, alikuwa amefungwa kichwa.

Nchi nzima ikauliza swali moja. Huyu si Sifaeli?

Wauza bagia wakaanza kuombwa karatasi zao. Kurasa zilizokuwa na mafuta zilishonwa upya, zikatolewa nakala, zikasomwa kwa sauti vinyozini, kwenye mashine za kusaga na misibani. Watu walishika mbavu. Wenye heshima zao walijificha chooni kusoma.

Msemaji wa Serikali aliitisha waandishi wa habari akaweka mambo sawa. Alisema Mheshimiwa Kabwili hajamwiga mtu yeyote. Ni kitabu kilichomwiga Mheshimiwa, tena kabla Mheshimiwa hajatenda, na huo ni wizi wa matendo ya mbele. Polisi wakatumwa Ngotwe. Walimkuta Mwalimu Sikudhani anachambua maharage, wakamweleza kwamba anashitakiwa, ila sheria ya kumshitakia bado haijazinduliwa, kwa hiyo asisafiri. Wakala maharage, wakaondoka.

Mheshimiwa Kabwili, yeye, alikuwa mjanja zaidi. Alisema hadharani kwamba kitabu kile kilipitishwa na kamati ya serikali, kitu kilichopitishwa na serikali ni sera, na katika baraza zima la mawaziri ni yeye peke yake aliyetekeleza sera neno kwa neno. Alipigiwa makofi. Wiki iliyofuata alitokea amevaa kofia ya manyoya.

Kuanzia hapo mambo yalinoga. Wananchi walisoma mbele kujua kesho waziri wao atafanya nini. Sura ya nane Sifaeli anazimia bungeni ili wabunge waone umuhimu wa gari la wagonjwa, na Mheshimiwa Kabwili akazimia Alhamisi, akianguka taratibu na kushikilia kofia. Sura ya tisa Sifaeli anazindua mvua za masika. Kabwili akazizindua, na bahati yake zikanyesha, basi huko kwa wakulima jina lake likapanda kuliko la mtu yeyote. Hakuna aliyejua kama kitabu kilikuwa kinamtabiri au yeye ndiye alikuwa anakifuata. Nilichokiona mimi ni kwamba alitembea nacho mfukoni, na ukurasa aliofikia alikuwa ameukunja pembe.

Sura ya mwisho ndiyo iliyoharibu starehe. Humo mkuu wa nchi anapanda ndege kwenda ng'ambo kutibiwa jino, na huku nyuma Sifaeli anauchukua mkasi wa dhahabu, anajifunga utepe tumboni, anaukata, na papo hapo anakuwa Rais. Mzinduzi Mkuu alisomewa sura hiyo akiwa kwenye ngazi ya ndege. Jino lilikuwa linamuuma tangu Jumapili. Aligeuka, akashuka ngazi, akarudi Ikulu na jino lake.

Mtaniuliza kwa nini hakumfukuza kazi Kabwili yakaisha. Washauri walilitazama hilo. Kumfukuza ni kusema magari hayapo, na magari yalikuwa yameshazinduliwa yote. Ingebidi watu waanze kuulizia madaraja. Basi ikaonekana njia ni moja tu, kukirekebisha kitabu. Vijana wa usalama walipita nyumba kwa nyumba na nyembe wakaikata sura ya mwisho kwenye kila nakala, na Mwalimu Sikudhani akachukuliwa na gari la Ikulu ili aandike nyingine.

Aliyemwingiza mbele ya Mzinduzi Mkuu alikuwa Bwana Mselemu, katibu wa Ikulu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuombea radhi. Mzinduzi Mkuu alikuwa amevimba shavu, amefungwa leso kuanzia kidevuni mpaka utosini. Katika chumba kile hakuna aliyeiona leso hiyo, maana haikuwa imezinduliwa.

Mzinduzi Mkuu alisema kitabu amekipenda, kasoro mwisho tu. Alitaka mwisho ambao Sifaeli anatubu, anauramba mchanga, anamsifu mkuu wake na kufa kwa mahaba ya taifa. Kurasa chache zingetosha, na angezipenda zije Ijumaa.

Mwalimu Sikudhani aliogopa. Aliwaza jela. Kisha akamuwaza Mwajabu, ambaye mwezi wake ndio ulikuwa umeingia, akauwaza mkokoteni, na hapo akapata ujasiri ambao mpaka leo hajui ulitoka wapi.

"Mtukufu," alisema, "mimi siwezi kuandika kitu ambacho sijakiona."

"Na hicho cha kwanza ulikiona wapi?"

"Nilikiona, Mtukufu. Nilikipunguza kidogo tu, watu wasije wakasema nimezidisha."

Bwana Mselemu akaangalia zulia. Mzinduzi Mkuu aliguna, sijui ni kwa jibu au kwa jino.

"Haya. Sasa unataka kuona nini?"

"Gari la wagonjwa, Mtukufu. Lilale Ngotwe, liamke Ngotwe, nilione linabeba watu na kuwarudisha. Vinginevyo Sifaeli hatubu. Hana cha kumfanya atubu."

Amri ikatoka hapohapo, na Mwalimu akarudishwa nyumbani amekaa mbele, kwenye gari lenye kovu la pembe ya ng'ombe.

Lilipoingia Ngotwe watu hawakupiga makofi. Walishapiga. Walilizunguka, wakaligusa, mmoja akafungua mlango na kuufunga kuona kama unafunga. Dereva aliitwa Shaweji, na ndipo kijiji kilipotambua kwamba dereva ndiye yule mgonjwa. Serikali ilikuwa imebana matumizi, ajira moja kazi mbili. Anafika, anajifunga bandeji, anapona, anaivua, anaendesha. Mwalimu alimweleza kuwa hapa wagonjwa wapo wa kutosha, yeye aendeshe tu. Shaweji alishukuru mpaka akatoa leso. Alisema alikuwa amechoka kupona.

Mwajabu alishikwa mchana mmoja akiwa anaanua nguo. Mara hii uchungu haukumkuta njiani. Shaweji alikanyaga mafuta, Mwalimu akakaa nyuma amemshika mwanawe mkono, na walipopita pale mkokoteni ulipokuwa umesimama safari ile, Mwalimu alifumba macho. Jua halijazama mtoto alikuwa amelia, wa kike, mnene, mwenye hasira. Mwalimu Sikudhani alilia kwa sauti kuliko mtoto. Wauguzi walimwomba apunguze, hakuwasikiliza. Mjukuu akaitwa Zamoyoni.

Nisije nikamsingizia mama wa watu. Aliporudi alikaa mezani kwa moyo safi aiandike ile sura. Lakini kila alipokaribia mwisho, mtu anaumwa. Mara jirani ameumwa na nyoka shambani, mara mtoto wa fundi cherehani amemeza kifungo, mara mzee Makoye kifua kimembana. Gari linatoka, gari linarudi, mtu anashuka mzima. Ngotwe hawakuwa wamewahi kuona mambo kama hayo. Na polepole Mwalimu akatambua jambo ambalo pengine nyinyi mmeshalitambua, kwamba siku sura inakwisha, gari linaondoka. Basi akapunguza mwendo. Asubuhi anaandika neno, jioni analikata.

Bwana Mselemu alikuja Ijumaa, akaambiwa bado. Akaja Ijumaa nyingine, bado. Safari ya tatu alikuja amekonda zaidi, akaeleza kwa upole kwamba Ikulu wameanza kukereka, na kwamba mtu anayekerekewa kwanza ni yeye Mselemu, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Akaomba ajue sura hiyo imebakiza watu wangapi wa kuonekana wakibebwa.

"Ngotwe nzima," alijibu Mwalimu.

"Nzima, Mwalimu?"

"Na watakaozaliwa."

Bwana Mselemu alirudi Ikulu akijiona keshakwisha. Mwalimu naye alifungasha kanga zake mbili, akamwelekeza Mwajabu mahali palipo na akiba ya mchele, akakaa mlangoni kungoja polisi. Hawakuja. Kwa masimulizi ya Mselemu mwenyewe, alipotoa taarifa kwamba kitabu hakiishi, Mzinduzi Mkuu alilipapasa shavu lake lililovimba. Kisha akauliza kama, kwa hali ilivyo, Sifaeli ni Rais. Akajibiwa kwamba sura haijaandikwa, kwa hiyo siye. Je, kuna mwingine yeyote ambaye ni Rais kwenye sura hiyo? Hakuna, kwa sababu hakuna sura. Basi aliyebaki ni nani? Mzinduzi Mkuu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule mzima, na jioni hiyo akang'olewa jino kwa siri na daktari wa farasi wa jeshi.

Alikuja Ngotwe mwenyewe. Lilijengwa jukwaa, barabara ikamwagiwa maji. Meza ya Mwalimu ya kuandikia ilizungushiwa utepe pande zote nne, karatasi yake ikiwa katikati, na Mzinduzi Mkuu akaukata utepe wa mbele kwa mkasi wa dhahabu, nyingine akaagiza zibaki ili wananchi wasisogelee. Hivyo ndivyo Sura Isiyokwisha ilivyozinduliwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "uchaguzi mkuu utafanyika mara tu mwandishi wetu mpendwa atakapoweka nukta ya mwisho. Taifa lililostaarabika halimharakishi msanii. Mimi ni nani nimharakishe?"

Makofi yalikuwa makubwa. Akaagiza pia gari lisiondoke Ngotwe mpaka nukta hiyo iwekwe, na mwandishi asibughudhiwe. Mheshimiwa Kabwili alikuwepo, na kofia yake. Alikuwa akipekuapekua nyuma ya kitabu chake kilichokatwa, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwa kuwa hakuwa na ukurasa wa kufuata, hakujua afanye nini, akafanywa kuwa Waziri wa Fasihi. Kila alipoambiwa akae alikaa, akiambiwa asimame alisimama, na inasemekana ndiye waziri bora hadi sasa.

Muda ukapita. Zamoyoni aliota meno, akatembea, akajifunza kumwita Shaweji babu. Ngotwe ilinawiri. Tarehe ya uchaguzi ilifika ikapita kwa amani na utulivu, kwa sababu hapakuwa na uchaguzi. Waliouliza waliambiwa waulize Ngotwe. Waliouliza kwa sauti waliwekwa ndani mpaka kitabu kitakapokwisha, na kwa kuwa walikuwa wengi, magereza mapya yalijengwa, yakazinduliwa yote, haya kwa kweli yalikuwepo.

Mwalimu Sikudhani alisikia hayo. Alikuwa na redio. Alikuwa akiizima.

Siku moja asubuhi Zamoyoni aliamka na homa, ikapanda haraka, akaanza kukakamaa na macho yakageuka juu. Shaweji aliwapakia yeye na Mwajabu, wakatoka kwa kasi. Mwalimu alibaki, amekaa kwenye meza yake ndani ya tepe. Ndipo akaingia mgeni, mwanamke wa makamo, mwenye vumbi mpaka magotini. Akajitaja kuwa ni Bi Kalunde wa Kitalawe, na Kitalawe ni mbali, ni safari ya kulala njiani. Mwalimu akamkaribisha kiti, mgeni akakaa upande wa nje wa utepe.

Bi Kalunde hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwamba Kitalawe nao walikabidhiwa gari hilihili, naye alikuwa mstari wa mbele akipiga makofi. Mwezi uliopita binti yake alishikwa na uchungu, wakampakia nyuma ya baiskeli. Walifika hospitali na maiti mbili. Mkwewe akaenda mjini kuulizia uchaguzi unafanyika lini, maana alidhani serikali nyingine ingekuwa na gari la pili, na sasa yuko ndani. Aliyasema hayo yote bila kupaza sauti, akipangusa vumbi kwenye goti moja. Alisema hakuja kuchukua gari, anajua ni moja. Alikuja kuuliza tu.

"Huo mwisho, Mwalimu, ni mgumu sana kuuandika?"

Mwalimu Sikudhani alitamani kudanganya, akashindwa. "Ni sentensi moja."

"Unayo?"

"Ninayo."

Bi Kalunde alitikisa kichwa taratibu. "Kitabu chako nilikisoma. Nilicheka mpaka majirani wakaja. Yule Sifaeli nilimchukia, lakini alinichekesha." Alipangusa goti la pili. "Siku hizi nikikisoma sicheki. Naona nimeshamjua ni nani."

"Ni mimi," alisema Mwalimu.

"Sikutaka kulisema mimi."

"Ni mimi, dada yangu. Gari ni moja, na nimejikabidhi mwenyewe."

Alisema hivyo akiwa analia, na mgeni hakumbembeleza. Aliomba maji ya kunywa, akapewa, akayamaliza, akashukuru, akasema aanze safari mapema kwa sababu kwao ni mbali. Mwalimu alimtazama akipotea barabarani, akitembea kando, pale wanapopita wenye miguu.

Kisha akavuta karatasi. Mkono haukusita. Aliiandika ile sentensi yote kwa mkupuo mmoja, akaweka nukta, akaisoma. Ilikuwa fupi, ilikuwa ya kuchekesha, na Sifaeli, na mkuu wake, na mkasi wao, wote walikuwa wamekwisha humo ndani. Hajawahi kuandika sentensi nzuri kama ile. Akakaa nayo, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza tangu mkokoteni ule akacheka peke yake.

Jioni honi ikalia nje. Shaweji alikuwa amerudi. Mwajabu alishuka akiwa amechoka lakini anatabasamu, akasema kwa sauti kwamba ilikuwa malaria, na daktari amesema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Zamoyoni alikuwa begani kwake, anatafuna mkate, anamtafuta bibi yake kwa macho.

Mwalimu Sikudhani aliitazama karatasi. Akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni mwa gauni, akainua utepe, akatoka nje kumpokea mtoto.